Filimbi ya Shule, Filimbi ya Chuo Kikuu

Kitenzi "amua" kina maana mbili ambazo wanafunzi wangu wa darasa la tisa huziona kuwa ni za mbali, na mimi huwashurutisha waziunganishe. Maana ya kwanza ni kukata shauri: mahakama imeamua, baraza limeamua. Maana ya pili ni kuingia kati ya watu wanaopigana na kuwatenganisha. Mzee akiona vijana wameshikana mashati husema, "Waamueni hao!" wala hakusudii kwamba pakaliwe kikao na kutolewa hukumu, anakusudia kwamba mtu atie mwili wake katikati kabla hawajaumizana. Kwa hiyo mwamuzi, katika Kiswahili, ni mkata shauri na pia ni mtu anayeweka kifua chake mahali ngumi mbili zinapokutana. Wenzetu wa Bujumbura wanaosema "arubitre" kwa kufuata Kifaransa wanaipata nusu ya kwanza tu.

Nimekuwa mwamuzi wa mpira wa kikapu kwa miaka kumi na mmoja, tisa katika michezo ya shule za sekondari na miwili katika michezo ya vyuo vikuu. Ndugu msomaji uliyezoea kusoma hapa habari za katiba, kodi na mabaraza ya tarafa, utaniwia radhi nikizungumza leo juu ya filimbi. Vijana kadhaa wameniandikia wakitaka kujua namna ya kupanda kutoka kiwanja kimoja hadi kingine. Taratibu za mitihani wataelezwa na wenye mamlaka. Mimi nitasema yale ambayo hakuna mtihani unaoyauliza.

Ninaishi Ngagara, mtaa uliojengwa zama za Wabelgiji na ile ofisi ya makazi ya Waafrika iliyojulikana kwa herufi za OCAF. Hata leo wapo wanaouita mtaa kwa jina la ofisi hiyo. Vitongoji vyetu vimepewa namba badala ya majina. Kamenge ni jirani yetu, na Cibitoke pia. Mtu wa hapa akiulizwa "unatoka mtaa gani?" husita kidogo kabla ya kujibu, hata kama ni kijana aliyezaliwa baada ya vita. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na katika miaka iliyofuata mitaa ya kaskazini ya mji iligawanyika kwa kabila: Ngagara ikawa ya Watutsi, Kamenge ya Wahutu, na kuvuka kutoka mmoja kwenda mwingine kukawa jambo la kufa na kupona. Mimi nilijifunza kudunda mpira katika Kituo cha Vijana Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili vijana wa mitaa yote ya kaskazini wapate mahali pa kukutana, kusoma na kucheza. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa tuzo ya Right Livelihood, na tuliokuwa vijana pale tulishangaa kwamba walimwengu huko mbali walikuwa wanatutazama tukicheza.

Hata hivyo, hata pale, mwamuzi mgeni alipoingia kiwanjani, swali la kwanza lilikuwa lile lile: anatoka wapi? Sidhani kwamba ni swali la kijinga. Kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIBA, zinalijibu kwa namna yake: mwamuzi asiwe na uhusiano wa aina yoyote na timu yoyote iliyo kiwanjani. Ni sentensi fupi. Katika mji kama wetu, ambapo kila mtu ni shemeji, jirani au mwanafunzi wa zamani wa mtu fulani, hiyo ni sentensi ngumu kuliko zote zilizomo kitabuni.

Katika michezo ya shule sikuihisi ugumu wake, kwa sababu filimbi yangu ilikuwa na msaidizi mkubwa, nao ni ualimu. Viwanja vya shule zetu ni vya saruji, mistari yake imefutika kwa jua na mvua, na mara nyingi nilipuliza peke yangu bila mwenzangu, huku karani wa meza akiwa mwanafunzi mwenye daftari la hesabu. Mtoto akitembea na mpira, nilipuliza, nikamsimamisha, nikamwonyesha mguu upi ni mhimili na upi una ruhusa ya kusogea. Mchezo wa shule ni darasa lisilo na paa. Hakuna aliyebishana nami zaidi ya kunung'unika, maana Jumatatu tungekutana mbele ya ubao. Na hapo ndipo pananitia mashaka kila ninapofundisha uraia. Heshima waliyonipa ilikuwa ya mwalimu. Kanuni ilipanda mgongoni mwangu kama mtoto. Heshima kwa mtu na heshima kwa sheria hufanana sana kwa sura, na mtu hawezi kuzitofautisha mpaka yule mtu aondoke.

Mitihani yenyewe nitaipita haraka. Kuna kanuni za kukariri, kuna ishara za mikono, na kuna mbio za mita 20 kwenda na kurudi kwa kufuata mlio unaozidi kuharakisha, ambazo kwa mtu aliyefikisha miaka arobaini zina maneno mengi kuliko kitabu. Kilichonivutia zaidi ni kule kuangaliwa. Kwa miezi kadhaa nilikaa mezani nikiandika alama, nikatunza saa, nikabeba mipira, huku waamuzi wakongwe wakinitazama jinsi ninavyosalimu watu na ninavyonyamaza. Nilikumbuka Abashingantahe wa Burundi ya zamani. Jina lao linatokana na kusimika intahe, ile fimbo ya hekima iliyogonga ardhi wakati wa kuamua ugomvi. Mtu hakuomba tu akapewa. Majirani walimchunguza muda mrefu, nyumbani kwake na penye pombe, kabla ya kumsimika mbele ya watu wote. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulitaja haja ya kuirudishia taasisi hiyo hadhi yake, na watu wameandika kurasa nyingi kuhusu namna ya kufanya hivyo. Kwangu mimi sehemu yenye thamani zaidi ni ile ya kuchunguzwa kwanza.

Nilipoanza kupuliza katika michezo ya vyuo, somo la kwanza lilikuwa kuacha kuutazama mpira. Kwa mtu aliyezoea kupuliza peke yake, hili ni sawa na kumwambia mchungaji aache kuwatazama ng'ombe. Shuleni mpira ndio mchezo: ulipo, ndipo walipo watoto wote kumi, na ndipo lilipo kosa. Katika mchezo wa wakubwa, kiwanja cha mita 28 kwa 15 hugawanywa kati ya waamuzi wawili, au watatu wanapopatikana. Mmoja hutangulia chini ya kikapu, mwingine hufuata nyuma, na kila mmoja ana eneo lake. Mpira ukiwa katika eneo la mwenzako, wewe unawatazama wasiokuwa na mpira: mkono unaoshika jezi, kiwiko kinachoingia mbavuni wakati macho ya watu wote yapo kwingine, mtu anayejifanya amesimama kumbe anasogeza nyonga yake ili mwenzake agonge na kuanguka. Mwamuzi mkuu niliyepangiwa naye mara nyingi, mama wa makamo ambaye siku za kazi ni muuguzi, huwauliza wageni wote swali moja kabla ya mchezo: "Ukiutazama mpira wangu, nani atawatazama wachezaji wako?" Macho huhitaji msimu mzima kuitii akili katika jambo hili, maana yameumbwa kufuata kinachokimbia.

Waliosoma hapa makala yangu juu ya waangalizi wa uchaguzi watajua kwa nini somo hili lilinikaa moyoni. Siku ya kura, kila mtu husongamana kwenye sanduku. Daftari la wapigakura, lililoandikwa miezi mingi kabla, huwa limebaki bila mtazamaji.

Somo la pili ni kunyamaza. Kitabu kinamtaka mwamuzi, kila wachezaji wanapogusana, apime roho na kusudi la kanuni, faida au hasara iliyopatikana, busara ya kawaida, na mizani kati ya kuudhibiti mchezo na kuuacha utiririke. Maana yake ni kwamba si kila mgusano ni kosa. Shuleni nilipuliza karibu kila mgusano kwa sababu mtoto anapaswa kujua mpaka ulipo. Nikifanya hivyo chuoni, mchezo wa dakika 40 utaingia usiku, na viwanja vyetu vingi havina taa. Saa kumi na mbili jioni jua la Bujumbura huzama nyuma ya milima ya Kongo bila kumngoja mtu. Lakini neno hili "busara" ndilo mlango ambao upendeleo hupenda kuingilia. Mtu anayempenda mchezaji humwonea busara. Dawa yake ni moja tu niijuayo, nayo inachosha: lile uliloliacha upande huu katika dakika ya tatu, uliache upande ule katika dakika ya thelathini na tisa.

Kuna na jambo la lugha, nisilipite kwa kuwa ndilo linaloniletea ugali. Wachezaji wa vyuo vyetu hulalamika kwa Kifaransa, hutukanana kwa Kirundi, na huombana radhi kwa Kiswahili. Sijui kama niione kuwa ni sifa ya lugha ninayoifundisha au ni dalili kwamba wanaiona kuwa ya masihara. Walakini mwanafunzi wa chuo anapolalamika, hulalamika kwa kifungu. Ameisoma kanuni kwenye simu yake usiku uliotangulia. Anakwambia kuhusu nafasi halali ya mlinzi, na wakati mwingine anayosema ni kweli kitabuni ila sicho kilichotokea kiwanjani. Huyu simwiti mtovu wa adabu. Ni raia aliyesoma katiba, na mwenye cheo akitaka kumjibu, amjibu kwa kifungu pia, tena kwa ufupi, kisha mchezo uendelee.

Machi 2024 wanafunzi wangu waliniletea swali la namna hiyo darasani. Dynamo, klabu ya Bujumbura, ilikuwa imekwenda Pretoria katika ligi ya kikapu ya Afrika, BAL. Ilishinda mchezo wake wa kwanza dhidi ya Cape Town Tigers huku tangazo la "Visit Rwanda" lililokuwa kwenye jezi likiwa limefunikwa. Kisha, kwa kukataa kulivaa, haikucheza dhidi ya FUS Rabat wala Petro de Luanda, na ikaondolewa. Darasa liligawanyika kuhusu nani alikuwa na haki. Mmoja akauliza: mwamuzi wa siku ile angefanya nini? Nilimjibu kwamba mwamuzi hana mamlaka juu ya matangazo wala juu ya uhusiano wa nchi mbili. Timu isiyokuwa tayari kucheza, muda wa kungojwa ukipita, huandikiwa kushindwa kwa alama 20 kwa 0, na mkono wake unaandika hivyo hata kama moyo wake una maoni. "Basi ni mtumwa wa karatasi," akasema yule kijana. Nikamwachia neno lake, maana muda wa kipindi ulikuwa umekwisha. Nimelifikiria tangu siku ile.

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya niandike. Vijana niliowapulizia shuleni hawakubaki shuleni. Wamepanda nami. Ninapoingia katika kiwanja cha chuo fulani, watatu au wanne katika wale ishirini na wanne waliniandikia insha, na mmoja wao, atakapoangushwa, atapaza sauti, "Mwalimu!" Neno hilo, katika mji wetu, ni la heshima tu. Katika sikio la timu ya pili ni ushahidi kwamba mwamuzi ana wenyewe. Nimewaomba wote, kila ninapokutana nao njiani, kwamba ndani ya mistari waniite mwamuzi, na nje ya mistari waniite watakavyo. Wengi wamezoea. Na kabla ya kila mchezo humwambia mwamuzi mkuu majina ya wale niliowafundisha, naye huwaambia makocha wote wawili mezani, mbele ya karani. Katika miaka miwili, hakuna kocha aliyenikataa. Nadhani wangenikataa kama wangekuja kulijua jambo hilo wenyewe, katika robo ya nne.

Jumamosi moja ya msimu uliopita tulikuwa na mchezo wa vyuo viwili ambavyo sitavitaja. Mafuta ya magari yalikuwa hayapatikani, kama ilivyokuwa desturi miaka hii, hivyo tulikuja kwa miguu, wachezaji na waamuzi pamoja, na mchezo ulianza umechelewa. Katika timu moja alikuwamo kijana wa Ngagara, jirani yangu wa barabara mbili, niliyemfundisha miaka mitatu. Jina lake lilikuwa limekwisha kutajwa mezani. Zilipobaki sekunde 38, timu yake ikiwa nyuma kwa alama 60 dhidi ya 61, alipasua katikati kuelekea kikapu, na mpira ukaingia. Lakini mlinzi alikuwa ametangulia kufika pale, miguu yote miwili chini, kifua kimemwelekea, na alipigwa kifuani akaanguka chali. Lilikuwa eneo langu. Nikapuliza, nikaonyesha kosa la mshambuliaji, na kikapu hakikuhesabiwa.

Kijana alinitazama. Hakusema "Mwalimu", na nilimshukuru kwa hilo. Kisha akaokota mpira na kumrushia yule mlinzi aliyekuwa bado ameketi chini, ukampiga usoni. Kwa nafasi niliyosimama, nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote. Niliingia katikati yao kabla benchi la pili halijafika, mikono yangu ikiwa nyuma, kifua mbele, kama nilivyofundishwa. Nilisikia pumzi za watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mwamuzi mkuu alikwisha kunyoosha ngumi zake mbili juu: kosa la kuondolewa mchezoni. Wapinzani walipewa mitupo huru miwili na mpira, wakatia yote miwili. Mchezo ukaisha 60 kwa 63.

Kosa la namna ile haliishii kiwanjani. Mwamuzi mkuu lazima atoe taarifa kwa waandaaji wa mashindano. Mkubwa wangu ana desturi ya kumtaka kila mwamuzi aandike yake kivyake, bila kushauriana, ndipo yeye aandike ya pamoja. Masharti yake ni machache: andika ulichokiona, usiandike ulichokisikia, usiandike ulichokifikiri. Nilipewa mpaka Jumapili jioni.

Jumamosi usiku mama yake alikuja. Anauza mboga katika soko la Cotebu, na ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi.

"Mwiriwe, Mwalimu."

"Mwiriwe, Mama. Karibu uketi."

Aliketi ukingoni mwa kiti, akakataa chai. Akasema hakuja kumtetea mtoto. Mtoto amemwambia mwenyewe alichofanya, naye ameona haya. Alikuja kuuliza. Chuo kilikuwa kimemsamehe ada kijana wake kwa sababu anakichezea. Mtu mmoja wa chuo alikuwa amempigia simu jioni ile na kumwambia kwamba taarifa ikiwa mbaya, msamaha utaondoka. "Mimi nataka kujua, Mwalimu, hicho kiwanja kina uzito gani hata kinitolee mtoto darasani?"

Sikuwa na jibu, na nilimwambia hivyo.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema polepole, "Huwezi kuandika kwamba mpira ulimponyoka?"

Msomaji, ni rahisi kuandika kwamba mwamuzi mwadilifu hukataa. Lakini mama huyu alikaa na mtoto wangu wa kwanza siku mke wangu alipolazwa. Nyumbani kwake nimekula. Yule mlinzi aliyepigwa usoni sikumjua hata jina, zaidi ya namba ya jezi yake. Kila kilichonifanya niwe mtu wa Ngagara kilikuwa upande mmoja wa meza ile, na upande wa pili palikuwa na namba. Ndipo nilipoelewa kwa nini kanuni imetumia maneno "uhusiano wa aina yoyote", na haikuishia kwenye fedha. Hakuna aliyenipa senti. Nilichokuwa nadaiwa ni wema, na deni la wema ndilo linalowasumbua watumishi wetu wa umma kuliko bahasha. Bahasha mtu anaweza kuirudisha.

Nilimwambia kwamba mpira haukumponyoka, na kwamba nikiandika hivyo, yule mwingine naye ana mama. Akainamisha kichwa. Nikaendelea, kwa kuwa lilikuwa kweli, kwamba niliona na jambo jingine. Baada ya mchezo, wakati meza inafunga hesabu, kijana wake alirudi kutoka nje, akaenda kwa yule mlinzi, akampa mikono yote miwili na kusema naye. Sikusikia maneno.

"Hayo uliyaona?"

"Niliyaona, Mama."

"Basi yaandike yote."

Nikaandika yote. Kurusha mpira, umbali uliokadiriwa, mahali ulipopiga, na kwamba haukumponyoka. Kisha kurudi kwake na mikono miwili. Mistari kumi na minne, kwa Kifaransa cha kiofisi. Mwamuzi mkuu aliisoma, akauliza kama niliona ile mikono miwili kwa macho yangu, akaambatisha. Waandaaji walimfungia michezo mitatu. Mlinzi alipona, uvimbe wa jicho ulikwisha kabla ya wiki kupita, na waliposhindana tena mwezi uliofuata niliomba nisipangiwe mchezo huo, nikaeleza sababu kwa maandishi, ikakubaliwa.

Yale yaliyofuata yananiudhi mpaka leo, wala hayahusu filimbi. Kijana alimaliza adhabu yake, akarudi kucheza, na muhula uliofuata msamaha wa ada ukaondolewa. Mama yake alipouliza sababu aliambiwa ni uamuzi wa juu. Alipoomba aonyeshwe masharti ya msamaha, hapakuwa na masharti. Hapakuwa na barua ya kuutoa wala barua ya kuuondoa. Fikiri, ndugu msomaji: mchezo wa dakika 40 una kitabu kinachosema mpira uwe na uzito gani, kikapu kiwe mita 3.05 kutoka chini, nahodha anayetaka kupinga matokeo atie saini wapi, na waamuzi wanapotofautiana nani mwenye neno la mwisho. Masomo ya miaka mitatu ya mtoto wa muuza mboga yalitegemea neno lililosemwa na mtu mmoja kwenye korido. Kiwanjani alikosa, akaandikiwa, akajua adhabu yake na siku itakapokwisha. Chuoni hakuambiwa amekosa nini.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba laiti ningeandika kuwa mpira ulimponyoka, haya yasingetokea. Huenda. Mtu wa chuo alikwisha kuitumia ile taarifa kama fimbo hata kabla haijaandikwa, na anayetaka fimbo hakosi mti. Bado mama yule hajaniambia neno la lawama, na mimi sijamwuliza analo moyoni. Tunasalimiana sokoni. Akinipimia lengalenga huzidisha kidogo, nami kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikilipa na hiyo ziada, tukibishana kwa kucheka.

Mwezi uliopita alikuja tena nyumbani, safari hii na kijana mwenyewe. Walitaka niwasaidie kuandika barua kwa chuo, si ya kuomba msamaha wa ada urudishwe, bali ya kuomba masharti yake yaelezwe kwa maandishi, kwa wote wanaochezea chuo, wavulana na wasichana. Wazo lilikuwa la kijana. Wenzake tisa walikubali kutia saini. Tuliiandika mezani kwangu kwa usiku mmoja. Yeye aliandika, mimi nikasahihisha viambishi vya Kifaransa chake na kumwondolea maneno mawili makali ambayo hayakuwa na ushahidi. Yalipobaki yale aliyoyaona, barua ilikuwa nusu ukurasa. Iligongwa mhuri wa kupokelewa siku ya Jumanne, na nakala yake ninayo. Leo ni siku ya ishirini na tatu, na bado hawajajibiwa. Jumatatu watakwenda kuulizia, nao wamekubaliana kwamba atakayezungumza ni msichana wa timu ya wanawake, kwa kuwa ndiye anayekumbuka vifungu.